Mikono ya Kumshika Mtoto

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mimi mwenyewe nilikuwepo, nimeketi benchi la tatu, palikuwa na usharika mdogo milimani Upare. Mchungaji alitufikia mara moja kila miezi minne. Siku nyingine tulijiongoza wenyewe, na tulijiona tumekomaa kweli kweli katika imani. Nikikumbuka, uso unaniwaka.

Basi, alikuwepo mjane kijana, Namsifu. Mwanawe mchanga alishikwa na degedege. Namsifu kwa hofu akapanda kwa mganga, akarudi na hirizi, akaifunga kiunoni mwa mtoto. Ikajulikana. Akatengwa mwaka mzima: asishiriki Meza ya Bwana, akae benchi la nyuma, na jina lake lisomwe kila Jumapili. Hirizi aliitupa siku ileile ilipojulikana. Benchi hakulikosa hata Jumapili moja.

Mwaka huo ukikaribia kwisha, ikafika siku ya ubatizo. Desturi yetu ilikuwa hii: aliyetengwa hamshiki mwanawe. Atamshika Mkristo aliyekomaa, naye ndiye atakayemlea kiroho. Mtoto alikuwa amedhoofika tena, na miezi minne mingine ilikuwa mingi mno kwake. Bibi yake, mama mkwe wa Namsifu, ambaye hakuwa Mkristo, ndiye aliyembeba hadi mbele.

Mchungaji akauliza, "Nani atamshika?"

Akainuka Mzee Eliapenda, mzee wa kanisa, msomaji wa majina ya waliotengwa. Akanyoosha mikono. Akairudisha.

"Mchungaji, siwezi. Na mimi ninayo hirizi. Mwaka wa kumi na tano huu, tena ya mganga yuleyule." Akapandisha mkono wa shati, tukaiona juu ya kiwiko. Akaikata kwa meno mbele yetu sote. "Jina la binti huyu nimelisoma mwaka mzima, na karatasi nimeishika kwa mkono huuhuu."

Akainuka Mama Nakundwa, mwenyekiti wa wanawake. Huyo hata njia ya kwa mganga haijui. Akanyoosha mikono. Akairudisha.

"Mimi ndiye niliyeiona hirizi, nilipokuwa namwogesha mtoto. Namsifu alinipigia magoti, akasema, 'Mama, nisaidie kuifungua, mimi naogopa.' Nikatoka pale, nikaenda kumtangaza kikaoni. Tangu siku ile namchotea maji, nampalilia shamba. Lakini kumwambia 'nisamehe' kumenishinda. Kubeba ndoo ni rahisi zaidi."

Hapo Namsifu akainuka huko nyuma. Akanyoosha mikono kumwelekea mwanawe. Akairudisha.

"Mzee nilikutana naye mlangoni kwa mganga. Sikumwambia mtu."

Watu wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe aliyekomaa ni huyu!"

"Hapana, jamani," akasema Namsifu, analia. "Sikunyamaza kwa upendo. Kila aliposoma jina langu, nilijisemea moyoni, mimi ni bora kuliko wewe. Nilikuwa naona raha. Hirizi niliitupa, lakini kiburi hicho nimekaa nacho hapa benchini mwaka mzima, na hakuna aliyenitenga kwa ajili yake."

Mchungaji akatugeukia sisi wengine. Hakuna aliyeinuka. Tukatazama viatu vyetu. Mimi nilivitazama vyangu mpaka leo navikumbuka, kamba moja ilikuwa imekatika. Nilikuwa na yangu, na sikuyasema.

Bibi akamtazama mchungaji, akatutazama sisi. "Nyie watu wa Mungu," akasema, "nimpe nani? Mikono inachoka."

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mzee alijifichua mbele ya watu wote, lakini baada ya miaka kumi na mitano. Mama Nakundwa alitenda mema bila kuchoka, lakini msamaha hakuuomba. Namsifu aliungama kosa ambalo hakuna jicho lingeliona, lakini alilifuga mwaka mzima. Maji yako tayari, mtoto analia, na bibi bado amesimama.

Je, nani alistahili kumshika?