Maganda Yenye Bahati

Bwana Mchopa ndiye pekee kijijini aliyekuwa na bunduki. Kila alipowafyatulia nyani mashambani, alipita nyumba kwa nyumba na ganda tupu la risasi mkononi.

"Ganda moja, nyani mmoja kafa. Leteni jogoo!"

Mizoga hakuna aliyewahi kuiona, lakini nani abishane na mwenye bunduki? Majogoo wakahamia kwa Mchopa, mpaka kijiji kizima kikawa kinachelewa kuamka.

Asubuhi moja Somoe, muuza vitumbua, akamkuta uani.

"Shikamoo, Bwana Mchopa. Nimekupatia mteja wa maganda. Kila ganda, mbuzi."

Mchopa akaruka, nusura kikoi kimdondoke. "Ninalo gunia zima!"

"Taratibu, baba. Mteja ni mganga, anataka ya risasi zilizokosa tu. Anasema risasi ikiua, bahati imekwisha. Ikikosa, bahati inabaki ndani ya ganda. Sasa wewe na shabaha yako hiyo, utapata hata mawili?"

"Mawili?" Mchopa akalimwaga gunia chini. "Yote haya yamekosa! Wallahi, sijawahi kumpata hata nyani mmoja!"

"Paza sauti. Yuko nje, na hasikii vizuri."

"Hata mmoja!" akanguruma Mchopa.

Somoe akafungua mlango wa ua. Mganga hakuwepo. Kilikuwepo kijiji kizima, kila mtu na tenga lake la kuku.

"Mmemsikia mwenyewe," alisema Somoe. "Bebeni majogoo wenu. Maganda mwachieni, bado yana bahati."