Kompyuta Iliyokombolewa

Palikuwa na mtu, Ambakisye, aliyekuwa na mdogo wake wa kike asiyeona. Huyo mdogo wake, Atupele, alikuwa akisomea ualimu, na vitabu vyake vyote vilikuwa ndani ya kompyuta mpakato iliyomsomea kwa sauti. Akibonyeza, inatamka, akikosea, inamwambia. Hakuwa na njia nyingine ya kusoma, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa Jumatatu.

Ambakisye alikuwa ameokoka, kwa namna yake. Aliuacha mfumo wa kompyuta unaouzwa ukiwa umefungwa, akahamia ule wa bure, ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuutazama ndani. Ni mfumo mzuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na yeye. Tangu alipohamia, hakuweza kumwona mtu akitumia mfumo wa zamani bila kumwita mtumwa. Basi Jumamosi, Atupele akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, akaichukua kompyuta yake ili amkomboe.

Utaratibu wa kazi ile unajulikana. Unauwasha kwanza mfumo mpya kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote, uone kama mashine inaupokea. Ambakisye aliiruka hatua hiyo. Kujaribu, alisema, ni kwa wenye mashaka. Akavihamisha vitabu pembeni, akaufuta mfumo wa zamani wote, hata nakala ya akiba ambayo ingeurudisha, akaweka mpya. Kioo kikawaka, rangi zikapendeza. Akapiga picha, akaituma kwenye kundi la wenzake, wakampongeza.

Atupele aliporudi akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Vitabu vyake vilikuwemo, hakikupotea hata kimoja, lakini kifaa cha sauti cha mashine ile hakikuelewana na mfumo mpya, na mashine ilikuwa bubu. Ambakisye hakuwa amesikiliza; alikuwa ametazama tu. Jumapili nzima alihangaika, akaandika amri hizi na zile, na kadiri mashine ilivyogoma ndivyo alivyozidi kukasirika. Kwanza aliitukana mashine. Kisha akamtukana aliyeitengeneza. Mwisho, na hapa damu hunichemka kila ninaposimulia, akamgeukia mdogo wake akamwambia hana shukrani, wenzake wanautafuta uhuru huo na hawaupati.

Atupele alisema neno moja tu: "Kaka, kabla hujafuta, uliniuliza ninasoma kwa kitu gani?"

Jumatatu binti yule aliingia kwenye mtihani bila kusoma, akafeli, na darasa alilokuwa ameahidiwa kufundisha akapewa mtu mwingine. Ambakisye hakuiondoa ile picha kwenye kundi, na pongezi ziliendelea kuja.

Ninasema nanyi mnaoingia nyumba za watu na habari njema mkononi, mkafuta kilichomo kwa sababu ninyi hamkihitaji, kisha mkawakasirikia wenye nyumba kwa kutowashukuru. Huyo mliyemweka huru, mkashangilia, mkaondoka, leo anaishije?