Chumvi ya Kande

Zamani hizo, na msiniulize ni lini maana hata babu yangu hakuwapo, wafu wa Wagade walirudi nyumbani kila mavuno wakiwa na nyuso zao wenyewe. Asubuhi walitoka kwenye msitu wa mizimu, wakaketi na watu wao, wakala ugali wa mtama na mchuzi usiotiwa chumvi. Jua likishuka, walirudi zao. Chumvi ilikuwa ya walio hai tu. Kila mpishi alilijua hilo, na Kande alikuwa mpishi hodari.

Kande alikuwa na mtoto mmoja, Talatu, naye homa ilimchukua kabla hajang'oka jino la kwanza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mavuno yalipofika, Talatu alikuja, akakaa mapajani pa mama yake kama aliyekwenda kisimani tu akarudi. Mchana ukapita upesi. Kande akaingia jikoni, akachota konzi nzima ya chumvi, akaitia kwenye mchuzi wa mwanawe.

Talatu akala. Wenzake walipoinuka kuondoka, miguu yake ilikuwa mizito, akashindwa kusimama. Kande alifurahi, jamani, alifurahi hata akaimba. Alidhani amemrudisha.

"Mama, nina kiu," mtoto akasema.

Akampa maji, akaomba tena. Alimaliza kibuyu, akamaliza mtungi, akamaliza na ya majirani. Siku ya tatu midomo ilikuwa imepasuka na sauti imekauka, wala hakuweza kufa apumzike, maana alikwisha kufa. Hapo Kande akaelewa alichokifanya. Akambeba mgongoni kwa kanga ileile aliyombebea uchangani, akaenda naye msituni huku analia.

Wazee wa mizimu wakampokea mtoto.

"Tulikuja na nyuso zetu kwa kuwa tuliwaamini," mmoja wao akasema. "Hamtaziona tena."

"Na kiu yake?"

"Hiyo umempa wewe, mama. Haitamtoka."

Mavuno yaliyofuata, mizimu ilipita imejifunika gubigubi kwa nyasi kavu. Kande alisimama mlangoni. Mmoja, mfupi kuliko wote, hakugusa chakula. Alikiinua kibuyu cha maji, akakinywa chote. Kande hakuthubutu kumwita. Alikwenda kukijaza tena.

Na tangu siku hiyo mizimu ya Wagade huja imefunikwa, chakula chake hakitiwi chumvi, na kando yake huwekwa maji. Kina mama husimama milangoni wakitazama, wasijue yupi ni wao.