Riale Saba za Neno "Yangu"

Palikuwa na ugomvi wa riale saba mlangoni pa ghala la ufuta, Pangani. Riale saba ni mshahara wa miezi miwili wa Bi Mwanakheri, mshona magunia. Tajiri Burhani, mwenye ghala, hatoi hata moja.

"Umezila kwa ulimi wako," alisema. "Karani, msomee."

Mambo yenyewe yalianza hivi. Tajiri aliamka siku moja akatangaza kuwa biashara haiendi kwa mizani, inakwenda kwa moyo mmoja. Ghalani humo hakuna "yangu", kila kitu ni "yetu". Atakayesema "yangu", au "wangu", au lolote la ukoo huo, atamlipa riale moja aliyemsikia. "Hata mimi!" akaongeza, akapigiwa makofi. Wafanyakazi, watu wa haya, hawakusikiana. Sikio lililofanya kazi lilikuwa la tajiri.

Karani Sudi akafungua daftari. "'Sindano yangu imevunjika', riale moja. 'Mume wangu mgonjwa', riale moja. 'Mgongo wangu', mara tano, riale tano."

"Hata mume, bwana?"

"Ungesema mume wetu."

"Wa ghala zima?"

"Moyo mmoja, Bi Mwanakheri."

Watu wakangoja matusi. Mimi ningeyatoa, tena ya nguoni. Bi Mwanakheri akajifunga kanga kiunoni, akamfungua punda mweupe aliyekuwa mlangoni, akampanda.

"We! Wapi hiyo?"

"Nampeleka punda wetu kwa mume wetu, bwana. Hawezi kutembea."

Tajiri akalimeza neno lililomjia. "Punda huyo ana wenyewe."

"Anao. Sisi."

"Shuka, mwanamke!"

"Nitashuka jikoni kwetu, kwenye ile nyumba kubwa hapo nyuma. Nasikia harufu, pilau letu limeiva. Mgonjwa wetu akishashiba, atajinyoosha kwenye kile kitanda chetu cha nakshi, chenye godoro letu la sufi. Wiki mbili tu. Akizidiwa, mwezi."

Akampiga punda kisigino. Punda, ambaye hakuwa na habari za moyo mmoja, akaenda.

Tajiri akatoka mbio, kilemba kikimfungukia shingoni. "Punda wangu! Jiko langu! Pilau langu! Kitanda changu! Godoro langu! Nyumba yangu, mali yangu, jasho la baba yangu!"

Kalamu ikakwaruza daftarini.

"Nane," alisema Karani Sudi, ambaye mwezi uliopita alikatwa riale mbili kwa kumlilia mama yake.

Bi Mwanakheri akashuka. Akamfunga punda palepale alipomkuta, akakaza fundo, akanyoosha kiganja.

"Nane, bwana. Punguza moja, kwa neno nitakalolisema sasa hivi, nawe ulisikie vizuri: lete saba zangu."