Meno ya Mwatime na Mfupa wa Mzee Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi kama sisi, Bi Kindi alikuwa na binti mmoja, Mwatime. Miguu yake ilikuwa myepesi na sauti yake tamu, lakini meno, wanangu, meno yalimtesa. Ya chini yalitangulia mbele, ya juu yakabaki nyuma, wala hayakukutana hata siku moja. Na meno ya kindi yasiposagana hayaachi kukua. Yakarefuka, yakapindana, mpaka mdomo ukakataa kufumba.

Watoto wa jirani wakamwita Koleo. Mama alilivumilia hilo. Alichoshindwa kuvumilia ni kumwona mwanawe akilamba njugu mawe asiweze kuipasua, mbavu zimemtoka, na kila siku anazidi kukonda.

Bibi zao walikuwa wameacha neno: jino la kindi lililopotoka hunyooshwa kwa kutafuna mfupa mkavu, polepole, kila siku. Mti ni laini mno, na jiwe huvunja jino. Mfupa wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu kijijini, wa paja la nyati, na ulikuwa mlangoni kwa Mzee Fisi.

Bi Kindi akaenda kuomba.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Naomba mwanangu agugune mfupa wako kidogo. Ni mgonjwa."

"Marahaba. Mkono mtupu haulambwi, Bi Kindi. Na mfupa wangu hauguswi hata na nzi."

Akarudi nyumbani akilia. Kesho yake akanawa uso, akamshika Mwatime mkono, akapiga hodi tena.

"Sikuja kuomba leo," akasema. "Nimekuja kukuambia kwamba mfupa wako si kitu. Hata Mwatime, na mdomo wake huu, ataukata vipande viwili."

"Hi-hi-hiii! Koleo huyu?"

"Mpe muda mpaka mwezi uandame. Akiukata, mfupa ni wetu. Akishindwa, nitasimama mbele ya wanyama wote niseme hakuna mfupa kama wako."

Fisi alipenda sifa kuliko nyama, na kindi wawili wasingemjaza hata pengo la jino. Akakubali.

Basi kila asubuhi Mwatime akawa anaketi barazani kwa Fisi. Kwaru, kwaru, kwaru. Siku za mwanzo alilia kwa maumivu, na mama yake, roho ikimuuma, akamfuta machozi na kumnong'oneza, "Taratibu, mwanangu. Usikaze."

Mkwaruzo wa kwanza ulipotokea kwenye mfupa, Fisi akaingiwa na wasiwasi. Akaugeuza.

"Tafuna hapa kwenye fundo. Hapa ndipo pagumu."

"Mzee, unatuonea," akasema Bi Kindi, ameinamisha kichwa asionekane akitabasamu.

Fisi hakuridhika. Akaushika mfupa kwa mikono miwili, akauinua juu ili mtoto achoke shingo. Ikambidi Mwatime anyooshe taya, aung'ate kwa meno ya juu na kuvuta. Meno yale hayakuwa yakihitaji kitu kingine. Kila siku Fisi alishika, Mwatime akavuta, na ncha zilizopindana zikazidi kulika.

Mwezi ukaandama. Mfupa ulikuwa mzima, una mikwaruzo tu. Fisi akawaita wanyama wote, akajipaka mafuta mpaka masikio yakang'aa.

Bi Kindi akasimama, akamvika kilemba cha ukoka. "Jamani, tumeshindwa. Hakuna mfupa kama wa Mzee Fisi, wala mlinzi wa mfupa kama yeye."

Vigelegele vikapigwa. Fisi akavimba kichwa, akawa anapunga mkono huku na huku.

Ka!

Fisi akageuka. Ka! Mwatime alikuwa ameketi nyuma yake na kapu la njugu mawe. Meno ya juu yamekutana na ya chini, mdomo umefumba vizuri, mashavu yamejaa.

"Huyu si ndiye aliyekuwa hawezi kula?" akauliza Fisi.

"Ndiye mimi, Mzee," akajibu Mwatime, akimeza. "Ahsante kwa kunishikia."

Basi, wanangu, ukishapata ulichokifuata, mwachie mwenzio ushindi.