Kwa Nini Mfarishi wa Ngolia Hupanda na Kushuka

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo sijawahi kulitatua. Nilimuuliza nyanya yangu, akacheka tu. Nikawauliza wengine, kila mmoja akanipa jibu lake. Sijui kama siku ile Bibi Mghoi alikisahau kisu chake nyumbani, au alikiacha. Nitawasimulia kama nilivyosimuliwa, nanyi mtachagua wenyewe.

Mmelala mkijifunika mifarishi hii ya tepe za nguo tangu mkiwa wachanga. Mmeona jinsi tepe zake za rangi zinavyopanda ngazi kwa ngazi kama mgongo wa kilima, kisha zikateremka upande wa pili. Mmeuona na ule utepe mweupe usiokosekana. Zamani haikuwa hivyo.

Zamani tepe za mfarishi zilinyooka kama matuta ya viazi. Mlima wetu wa Ngolia una baridi ya kuuma mifupa, na kila nyumba ilikuwa na mfarishi wake mmoja mkubwa. Mtoto akiota jino la kwanza, mama yake alichana utepe kutoka katika nguo yake mwenyewe, akautia rangi, akaushona kando ya tepe za wazazi na ndugu. Na mtu akifa, siku ya kuanua matanga utepe wake ulifumuliwa, ukaenda kufukiwa kaburini pake. Walisema maiti husikia baridi, na utepe wake ukibaki nyumbani atakuja kuuvuta mfarishi wote. Walioiweka desturi hiyo hawakuwa watu wabaya. Huenda walikuwa wamezika wengi mno, wakatafuta namna ya kufunga mlango.

Lakini kila msiba ulipunguza upana wa mfarishi, na kadiri mtu alivyoishi sana ndivyo alivyozidi kulala na baridi. Aliyelala na baridi kuliko wote alikuwa Bibi Mghoi, ambaye ndiye aliyekuwa mfumuaji wa mlima mzima. Alikuwa amefumua utepe wa mumewe, na tepe za watoto wake wote isipokuwa mmoja. Mfarishi wake ulibaki na tepe mbili, wake na wa mwana huyo. Akifunika magoti, mgongo ulikaa nje.

Mwana huyo alimwoa Mkamburi, wakaanza mfarishi wao kwa tepe zao wawili, wakapata watoto, na mdogo wao aliitwa Saru. Utepe wa Saru ulikuwa wa manjano. Alizoea kuushika ukingoni kila alipolala, hata mahali pale pakachakaa. Mwaka wa ukungu mrefu kifua kilimbana, akafa akiwa ameushika.

Siku ya kuanua matanga Bibi Mghoi alikuja. Alimkuta Mkamburi ameukalia mfarishi.

“Mama, niachie huu,” alisema Mkamburi. “Chukua nguo zangu zote, huu niachie.”

“Mwanangu, mimi niliachiwa?”

Mkamburi akasogea. Bibi Mghoi akapiga magoti, akapapasa kiunoni.

“Kisu nimekisahau,” alisema. “Nitarudi siku ya soko.”

Wanawake waliokuwa matangani walitazamana. Kisu kile hakikuwahi kuonekana mbali na kiuno chake, hata shambani.

Mkamburi akabaki na mfarishi. Kuuficha hakungefaa, maana nyumba zilikuwa zinajulikana kwa mifarishi yake. Akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena. Mara ukingo wa mwisho ukalala juu ya ukingo wa kwanza, utepe wa Saru juu ya utepe wa baba yake. Akazishona kingo hizo pamoja, mfarishi ukawa kama mkono wa kanzu kubwa, usio na wa kwanza wala wa mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: akaukata kwa mkingamo, akizipita tepe zote. Akapata pete nyingi za nguo, nyingine nyembamba, nyingine pana, na katika kila pete watu wote wa nyumba ile walikuwamo.

Alipozifumua pete zote mahali pamoja na kuziunganisha, tepe zilirudi palepale, na Saru akawa tena mstari mmoja ulio tayari kuvutwa. Mkamburi akalia, akatatua mishono, akaanza upya. Safari hii kila pete aliifumua mshono mmoja mbele ya ile iliyotangulia. Basi Saru akapanda ngazi moja, tena moja, na alipofika juu Mkamburi akamteremsha vivyo hivyo. Pete nyembamba zilimpandisha kwa ukali, pete pana zikamteremsha polepole, kama njia ya kisimani aliyokuwa akiipita mbio.

Jirani yake Wakesho, mwenye ulimi wa pilipili, alichungulia mlangoni. “Mwenzangu, unawashonea panya ngazi?”

“Shika upande huo, uache maneno.”

Wakesho akashika, wala hakuondoka hadi kazi ilipokwisha.

Siku ya soko Bibi Mghoi alirudi na kisu chake, wanawake wa ukoo wakiwa nyuma yake. Mfarishi ulitandazwa uani. Bibi Mghoi aliinama, akaona manjano pembeni, akaona manjano juu, akaona manjano chini.

“Mtoto yuko wapi humu?”

“Yuko kila mahali, Mama. Ukimtoa yeye, utatutoa sote. Hata mwanao.”

“Basi ufumuliwe wote!” alisema mmoja wa wanawake. “Asipotolewa, atakuja kuvuta.”

Bibi Mghoi alikuwa akipitisha vidole juu ya nguo. Vikafika mahali palipochakaa, vikasimama.

“Acheni avute,” alisema. “Wafu wangu niliwafumua wote, na hakuna aliyekuja kunivuta hata kidole.”

Yule aliyesema ufumuliwe aliketi chini.

Na tangu siku hiyo, mtu akifa Ngolia, mfarishi wa nyumba yake hukatwa kwa mkingamo na kushonwa upya, ili asiweze kutolewa peke yake. Baridi bado ipo na watu bado hufa. Mfarishi haukumrudisha yeyote. Inasemekana Mkamburi, hadi uzeeni, aliutafuta kwa vidole ule ukingo uliochakaa kila alipolala, naye aliupata vipande vipande, kimoja huku, kingine kule.

Iliamuliwa uani pale kwamba asifumuliwe mtu tena, na katika kila nyumba waliofumuliwa zamani warudishiwe utepe. Wa kwanza kuutekeleza uamuzi huo alikuwa Bibi Mghoi. Alikwenda kuuleta mfarishi wake wa tepe mbili, akaomba kitambaa cha bafta nyeupe, na kwa kila mmoja wa watu wake aliyemfumua akashona utepe mweupe, kwa kuwa rangi zao zilikuwa zimekwisha kuoza udongoni. Kisha akachomoa kisu kiunoni, akaukata kwa mkingamo.