Mbeleko Iliyokataa Fundo

Masikio mnayo? Tunayo! Haya, yafungueni.

Hapo kale palikuwa na mama mmoja, Nyevu, mtu wa huruma za haraka. Alimlaza mwanawe kwenye kanga kivulini, kando ya shamba, akaenda kuokota kuni. Kichakani akamkuta mtoto wa paa kajikunja peke yake, kimya.

“Maskini, katupwa!” Akamweka mgongoni, akamfunga mbeleko. Fundo likafunguka. Akafunga tena, likafunguka. Mara ya tatu akakaza kwa nguvu zote, mbeleko ikasema: “Nyevu, na wako umemtupa wapi?”

“Sijamtupa! Nimemlaza tu, narudi kumnyonyesha!”

“Na mwenzio, mama wa huyu, je?”

Nyevu akacheka mpaka akakaa chini. Akamrudisha mtoto wa paa palepale kichakani, akaondoka kwa kunyata.

Kufika shambani, lo! Paa jike kamwinamia mtoto wa Nyevu, anamnusa.

“Nilitaka kumbeba,” paa akasema, “nikaona kanga imetandikwa vizuri. Nikajua ana mama. Wangu je?”

“Yuko palepale ulipomlaza.”

Paa akaruka kwa furaha, akakimbilia kichakani. Nyevu akatoa ziwa, akamnyonyesha mwanawe.

Nami ngano yangu naiacha palepale nilipoikuta.